Wajumbe Hawatoki

Foleni ya choo ilianzia koridoni, ikapita mlango wa chumba cha watoto, ikaishia sebuleni mbele ya televisheni. Wajumbe ishirini na saba ndani ya nyumba ya vyumba vinne, hebu fikiria mwenyewe. Walikuwa wameletwa jana yake kwa basi dogo la kukodi, kila mmoja na kibegi chake, na geti likafungwa nyuma yao kwa kufuli jipya. Kesho asubuhi wangepelekwa moja kwa moja ukumbini kupiga kura za maoni, ili chama kimpate mgombea wake wa ubunge wa jimbo. Mpaka hapo mjumbe hatoki, mgeni haingii.

Wenyewe wanaita hiyo kambi. Mimi nasema ni jela yenye soda. Kila mgombea mwenye uwezo alikuwa na yake, na sababu inajulikana hata na watoto: mjumbe akiachwa alale kwake, giza likiingia tu anabishiwa hodi na upande wa pili, na asubuhi anaamka na mapenzi mapya. Upande wa pili safari hii ulikuwa wa mfanyabiashara wa vipodozi, kijana kiasi, mwenye tabasamu la kwenye matangazo, ambaye watu walimwita Marashi. Naye alikuwa amewafungia wa kwake, kwenye nyumba ya wageni yenye feni kila chumba. Hilo la feni lilimkera Mheshimiwa, mbunge mwenye kiti na mwenye nyumba ile, kupita maelezo.

"Wa kwake wanapepewa," alimwambia mkewe jikoni, kwa sauti ya chini. "Wetu wanalala chini kama magunia."

"Wetu wanalala kwenye magodoro yangu, na wawili wako kitandani kwangu," mkewe akajibu huku akikoroga uji. "Gunia ni mimi niliyelala stoo."

Mheshimiwa akacheka, lakini cheko lenyewe halikufika mbali. Alikuwa hatulii. Alitoka jikoni akaenda dirishani, akachungulia geti, akarudi, akafungua friji, akaifunga bila kutoa kitu. Na mkewe alimwelewa, kwa sababu hofu ile ilikuwa yake pia.

Mtu huyu alianza kama fundi wa pampu za maji. Alichaguliwa mara ya kwanza kwa kuwa kila nyumba ilimjua kwa mikono yake, akachaguliwa tena kwa kuwa hakukosa msiba hata mmoja, halafu uchaguzi wa tatu akaangushwa. Miaka ile ya kuangushwa ndiyo mkewe aliyoiogopa. Wageni walikatika siku moja. Mheshimiwa alikaa barazani na simu mapajani, na mara nyingine alichukua simu ya mkewe akajipigia mwenyewe, kuona kama yake bado inaita. Hakuwa mgonjwa, hakuwa mlevi, alikuwa tu hayupo. Aliporudishwa bungeni uchaguzi uliofuata, mkewe alipata mume upya, na sasa kesho asubuhi angeweza kunyang'anywa tena.

Katika miaka ile ya kiza, aliyeendelea kubisha hodi alikuwa mmoja tu, msusi mwenye kibanda karibu na stendi. Alikuja, akamsuka mke wa Mheshimiwa, akamchekesha, akaenda zake bila kudai chochote. Alimwita Mheshimiwa kaka, kwa hiyo mkewe akawa wifi, na uwifi wao ukawa wa kweli kuliko wa damu. Leo msusi huyo alikuwa mmoja wa wale ishirini na saba, amekaa sebuleni, amevua viatu, anawatania wenzake.

*

Simu za wajumbe zilikuwa zimekusanywa kwenye sufuria kubwa, kila moja imebandikwa karatasi ya jina, na sufuria ikawekwa juu ya friji. Wazo lilikuwa la katibu wa kampeni, mwanamume mwembamba asiyeamini hata kivuli chake. Kuzipokea ilikuwa kazi ya mke wa Mheshimiwa. Wakipiga jamaa, jibu lilikuwa moja: yupo, mzima kabisa, ila yuko kwenye semina. Alikuwa amelisema mara nyingi mpaka likamtoka lenyewe.

Alasiri simu ya msusi ikaita.

"Dada! Dada, uko wapi?"

"Siyo dada yako. Ni mke wa Mheshimiwa. Dada yuko kwenye semina."

"Shemeji, mama amezidiwa." Ilikuwa sauti ya mdogo wake msusi, na ilikuwa imekauka. "Tuko hospitali. Amekataa kula, amekataa dawa, anamtaja dada tu. Mwambie aje. Hata kwa muda mfupi, aje amwone."

"Nitamwambia. Sasa hivi."

Na alikusudia hivyo, wallahi alikusudia. Akazima jiko, akafuta mikono, akatoka. Kushoto kulikuwa na sebule, na kicheko cha msusi kikisikika wazi. Kulia kulikuwa na chumba ambamo mumewe na katibu walikuwa wakihesabu kura za kesho. Angegeuka kushoto, hadithi hii isingekuwepo. Akageuka kulia, kwa sababu katika nyumba ile mambo yote hupitia kwa Mheshimiwa kwanza.

"Mama yake msusi yuko taabani," akasema. "Inabidi tumtoe."

Katibu aliinua kichwa. "Nani kasema yuko taabani?"

"Mdogo wake. Kapiga sasa hivi."

"Unamjua kwa sauti? Maana Marashi naye ana watu wenye sauti. Geti likishafunguliwa, anangojwa kona ya kwanza."

"Acha upuuzi wewe. Mama yule ni mgonjwa mwaka mzima sasa."

"Basi kama ni mgonjwa mwaka mzima, siku moja ina nini?" katibu akasema, na hata yeye mwenyewe aliona limekuwa baya, akainamia makaratasi yake.

Mheshimiwa alijipangusa uso. "Tukimtoa yeye, watauliza kaenda wapi," akasema hatimaye. "Na kila mmoja wao ana mama, ana mtoto, ana mbuzi. Kufika jioni sina kambi. Mke wangu, tunabanana na yule mtu kwa kura za kuhesabika. Unataka nirudi barazani?"

Alijua pa kumgusa.

"Nitakwenda mwenyewe," Mheshimiwa akasema, tayari amesimama, tayari anatafuta koti. "Mama yule hatakosa kitu. Chumba, daktari, dawa, kila kitu. Msusi tutamwambia kesho, kura ikishaisha, na gari langu ndilo litakalompeleka."

Msije mkadhani alikuwa mtu katili. Huko hospitali alimtafuta daktari mpaka akampata, akahakikisha mgonjwa anahamishwa kutoka wodi ya watu wengi kwenda chumba cha peke yake, akamshika mkono bibi wa watu na kumnywesha maji kwa kijiko. Mambo hayo aliyaweza, na aliyafanya kwa moyo. Mdogo wake msusi alilia kwa shukrani.

"Binti yangu?" mgonjwa aliuliza. "Mkubwa?"

"Yuko njiani, mama," Mheshimiwa akasema. Miaka yake yote ya siasa alikuwa akiwaambia watu kwamba kitu kiko njiani, barabara, umeme, dawa, na watu walitulia. Mgonjwa naye akatulia, akageuzia uso mlangoni.

*

"Wifi, njoo nikusuke," msusi alisema jioni ile. "Nitakufa kwa kukaa bure humu ndani. Na kesho utapigwa picha. Kichwa hicho ni aibu yangu, siyo yako."

"Nina vyombo."

"Vyombo vina miguu? Njoo."

Akaketi kwenye kigoda koridoni, msusi nyuma yake kwenye kiti, kichwa katikati ya magoti. Foleni ya choo iliwapita pembeni ikiomba radhi.

"Legeza shingo. Umeikaza kana kwamba nakupeleka kuchinjwa."

"Nimechoka tu."

"Nani hajachoka? Mimi jana nimelala karibu na yule mzee fundi cherehani. Anaongea usingizini. Anagombana na mteja kuhusu vifungo! Nikamwambia mzee, mpe vifungo vyake tulale." Akacheka peke yake, vidole havisimami. Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza saa: "Simu yangu haijaita?"

Mke wa Mheshimiwa aliona joto likimpanda usoni. Hapo palikuwa mahali pa kusema. Mlango wenyewe ulikuwa umefunguliwa, ni kupita tu.

"Mama ana tabia ya kupiga jioni," msusi akaendelea. "Wala hana la maana. Ananiuliza nimekula nini, namwambia, ananiambia ningekula kitu kingine. Ndiyo mazungumzo yetu hayo, kila siku ya Mungu."

"Haijaita," mke wa Mheshimiwa akasema.

"Basi leo amelala mapema."

Tangu hapo hakusikia tena alichokuwa akisukwa. Alijiambia kesho. Alijiambia mama yule ameshazidiwa mara ngapi akainuka. Alijiambia kwamba mumewe yuko pale pale kitandani pa mgonjwa, na mumewe ni mtu mzito, akiwepo yeye madaktari wanakimbia. Yote aliyojiambia yalikuwa na akili, na hakuna lililomwondolea aibu.

Mheshimiwa aliporudi, alimfuata jikoni.

"Ametulia. Nimempatia chumba kizuri, kina dirisha."

"Alimwulizia?"

"Alimwulizia."

"Ukasemaje?"

"Nikamwambia yuko njiani."

"Njiani wapi? Yuko koridoni hapo anafagia nywele zangu!"

"Sauti!" Mheshimiwa akamshika bega. "Kesho, mke wangu. Nakuapia."

Katibu akaingia akauliza simu ya msusi ni ipi. Akaitoa kwenye sufuria, akaizima, akaitia mfukoni mwake. Hakuna aliyemzuia.

*

Mama yake msusi alifariki alfajiri, wakati wajumbe wakigombania sabuni ya kuogea.

Mheshimiwa alishinda kwa kura nne. Ukumbi ulilipuka. Wajumbe wake walimbeba juu juu, kiatu kimoja kikamtoka, na msusi ndiye aliyekiokota na kuruka nacho akikipunga hewani huku akiimba. Mkewe alisimama karibu na jukwaa akipongezwa na watu ambao wiki iliyopita hawakumsalimia. Alimtazama msusi akicheza na kiatu, akatamani ardhi ipasuke.

Katibu aligawa simu nje ya ukumbi. Ya msusi ilikuwa ya mwisho. Aliiwasha bado akihema kwa kucheza, akasubiri, ujumbe ukaanza kuingia mmoja baada ya mwingine. Alisoma wa kwanza. Akaketi chini pale pale kwenye ngazi, katikati ya miguu ya watu.

Mheshimiwa alitimiza kiapo chake. Gari lake ndilo lililompeleka.

"Umemaliza soda za Mheshimiwa?" mdogo wake alimwuliza mlangoni kwa mama yao.

"Sikuambiwa."

"Usitufanye watoto, dada. Mke wake kaniambia kwa mdomo wake, nitamwambia sasa hivi. Mheshimiwa kaja mwenyewe, kamshika mama mkono, kasema uko njiani. Mama kakodolea mlango mpaka macho yamefungwa. Watu wazima wawili wadanganye, wewe peke yako useme kweli?"

"Walinichukulia simu. Sikuambiwa, haki ya Mungu."

"Mtu baki alikuja. Wewe mtoto ulishindwa," mdogo wake akasema, akampisha apite bila kumgusa.

*

Siku ya maziko Mheshimiwa alifika mapema, na turubai, na viti mia mbili vya kukodi, na spika mbili kubwa. Jamaa walimpokea kwa heshima zote, wakampa kiti cha mbele, na mkewe pembeni yake. Wageni wengi walikuja kwa sababu walisikia yupo. Uchaguzi mkuu ulikuwa haujafika, na katibu alikuwa akizunguka akiwashika watu mikono.

Mke wa Mheshimiwa hakuweza kukaa. Aliinuka akazunguka nyuma ya nyumba, kwenye vyombo, akidhani huko atapumua.

"Ndiye yule pale?" mwanamke mmoja alikuwa akimwuliza mwenzake.

"Ndiye. Aliyemwacha mama yake afe, yeye akacheze uchaguzi."

Msusi alikuwa amesimama peke yake kando ya ukuta. Alijaribu kuosha sahani, shangazi yake akaichukua mkononi mwake taratibu, akaiosha yeye. Akachukua ufagio, mtoto wa jirani akaja kuudai. Nyumba ya mama yake mwenyewe, na hakuna kazi aliyoachiwa. Mke wa Mheshimiwa alimwendea.

"Wifi," akasema.

Msusi aligeuka. Hakumtukana. "Waambie," akasema tu.

"Nitawaambia. Ngoja tumalize kuzika, nitamwita mdogo wako pembeni..."

"Haya. Ngoja," msusi akasema, akageukia ukuta.

Alirudi kwenye kiti chake, na wakati huo Mheshimiwa alikuwa ameshapewa kipaza sauti. Alianza vizuri. Alimsifu marehemu, akawapa pole wafiwa, akaeleza alivyomkuta mgonjwa na jinsi walivyozungumza. Watu waliitikia kwa vichwa. Angeishia hapo angekuwa salama. Lakini tangu juzi alikuwa amesikia watu wakimsema msusi, na roho ilimsuta, akataka kumsaidia. Akamsaidia kwa njia aliyoijua.

"Na sasa nataka niseme neno kuhusu binti yake mkubwa," akasema. "Nasikia maneno. Ndugu zangu, dada huyu aliambiwa kwamba mama yake anaumwa. Aliambiwa! Na yeye akasema, Mheshimiwa, ngoja kwanza nipige kura, nitimize wajibu wangu kwa wananchi, halafu nitakwenda kwa mama. Wangapi hapa wanaweza hivyo? Huyo ni mpiganaji. Naomba tumpigie makofi."

Hakuna aliyepiga makofi isipokuwa katibu, naye alisita. Kutoka upande wa wafiwa ukatoka mguno mmoja mzito. Shangazi wa msusi aliinama akafunika uso. Mdogo wake alisema kwa sauti ya kusikika, "Mnaona? Mnaona sasa?" Na msusi, aliyekuwa amesogea mpaka pembe ya turubai ili asikie mama yake akisifiwa, alirudi nyuma hatua moja.

Mke wa Mheshimiwa hakukumbuka baadaye alisimamaje. Alijikuta tu yuko wima.

"Hakuambiwa," akasema.

Mumewe aligeuka, kipaza sauti bado kiko mdomoni. "Mama watoto, kaa chini," akasema, na spika zote mbili zikayatangaza maneno hayo mpaka barabarani.

"Hakuambiwa. Simu niliipokea mimi." Yeye hakuwa na kipaza sauti, lakini kimya kilikuwa kikubwa mno. "Mdogo wake alinipigia, nikasema nitamwambia, sikumwambia. Alikuwa kwangu amefungiwa, simu tumeichukua. Jioni akaniuliza kama imeita, nikamwambia haijaita. Alikuwa ananisuka. Nilisema uongo huku mikono yake iko kichwani kwangu. Mheshimiwa alijua, katibu alijua. Asiyejua alikuwa yeye peke yake. Tuliogopa kukosa kura."

"Ni uchovu," Mheshimiwa aliwaambia watu, akijaribu kutabasamu. "Mama amechoka, mnajua kampeni..."

"Sijachoka," mkewe akasema. "Naona aibu."

Mzee mmoja mstari wa mbele akainuka, akakisogeza kiti chake mbali na cha Mheshimiwa, akaketi tena. Mwingine akafanya vile vile. Katibu alipita karibu na mke wa Mheshimiwa akamnong'oneza, "Umetumaliza, mama, umetumaliza kabisa," akaelekea kwenye gari. Mheshimiwa alitazama huku na huku akitafuta mtu wa kumpa kipaza sauti, na hakuna aliyenyoosha mkono kukipokea. Mwishowe akakiweka chini kwenye nyasi. Alimtazama mkewe, na mkewe akaiona sura ile aliyokuwa akiiogopa miaka yote, imerudi mchana kweupe. Ilimuuma sana. Hata hivyo hakuketi.

Mdogo wake msusi alikuwa amesimama. "Dada," akasema. Sauti haikutoka vizuri, akaanza upya. "Dada, njoo huku." Akasogea kwenye benchi, akamsukuma na shangazi asogee, nafasi ikapatikana katikati yao.

Msusi alitembea mpaka kwenye benchi. Ili afike ilimbidi ampite mke wa Mheshimiwa, na mke wa Mheshimiwa akamshika mkono.

"Wifi, nisamehe."

Msusi aliutazama ule mkono, akautoa polepole, bila hasira yoyote.

"Leo namlilia mama," akasema. "Wewe sijakufikia."

Akaenda akaketi kati ya mdogo wake na shangazi yake, na hapo ndipo, kwa mara ya kwanza tangu juzi, akaangua kilio kwa sauti.